Picha ya Ndege na Moto wa Kilima Chetu

Yule mtu wa picha sikumwamini tangu ashuke kwa gari. Ilikuwa miaka ya themanini, upande wa Mutomo, na moto ulikuwa umekula kilima chetu chote, malisho na mizinga ya nyuki. Alisema ndege ilipita ikapiga picha, ili wajue pa kuzuia udongo kabla ya mvua. Nikasema moyoni, haya, leo picha, kesho watakuja kupima shamba.

Naibu wa chifu alitaka jambo moja tu: aliyewasha. Kijiji kizima kilishamtaja mume wangu, kwa sababu alikuwa akirina asali kwa moshi. Jumatatu apelekwe kortini. Aliapa hakugusa mzinga wiki ile. Nami, Mungu anisamehe, nilimshuku. Akitoka, nachukua koti lake nalinusa kama lina moshi.

Picha ikatandazwa juu ya boneti. Mtu wa picha alieleza kwamba moto huanza mwembamba, halafu upepo unaupanua. Akafuata weusi kwa kalamu, akapita penye mizinga ya mume wangu, akateremka hadi weusi ukawa mwembamba kama ulimi, ukagusa vimistari vilivyopangwa vizuri.

"Hii mistari ni nini?"

Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba, wakatazamana. Ile ilikuwa mitaro tuliyochimba shambani kwangu. Vichaka tulivyokata nilivichoma mwenyewe. Wenzangu waliuliza kama tuuzime moto kwa maji. Maji gani? Yale ya kuchimbua mchangani mtoni, halafu punda atembee saa mbili? Nilikasirika hata kuulizwa. Nikafukia moto kwa udongo, nikaenda zangu. Kumbe mizizi iliendelea kuungua chini kwa chini, siku tatu nzima.

Naibu akasema hivyo ni vivuli tu, tusipoteze wakati. Mtu wa picha akaanza kukunja karatasi yake. Ningenyamaza, ingepita hivyo hivyo, na mume wangu angeenda.

"Hapo ni kwangu," nikasema. "Moto ni wangu."

Naibu aliandika jina langu polepole, akafuta la mume wangu. Tukirudi nyumbani nilimwambia mume wangu nimeona aibu kumshuku. Akaniambia asubuhi ile baada ya moto alifuata majivu akitafuta mizinga yake, yakamfikisha kwa mitaro yangu. Nikamuuliza mbona basi hakusema, na korti yenyewe ni Jumatatu.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."