Uzito Usio Sawa wa Mwalimu Osward

Tarehe 14 Februari 2024, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Osward Nyangwine, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari Nyamwaga, wilayani Tarime, alipokea barua pepe yenye aya tatu. Ilitoka kwa jarida la hisabati alikopeleka makala yake, kazi ya miaka tisa. Aya mbili zilimsifu. Ya tatu ilisema hatua ya saba ina pengo, na alikuwa na siku ishirini na moja kuliziba. Asingeliziba, makala ingekataliwa.

Osward ana miaka arobaini na moja. Anachotafuta ni ukomo. Mashine inayojirekebisha ikiwa kazini, bila kujua mzigo inaouvuta, hukosea kila mara. Hesabu yake inataka kuonyesha kwamba kosa hilo haliwezi kuzidi kiasi fulani. Katika hatua ya saba aliandika: “Tuchukulie, bila kupoteza chochote, kwamba sehemu zote zina uzito sawa.” Waandishi wa hisabati hutumia sentensi hiyo kila siku. Msomaji aliyepewa na jarida kazi ya kuikagua makala alijibu kwa maneno manne: “Hapa kuna kitu kinapotea.”

Kwa siku tisa Osward alifundisha vipindi vyake, akarudi nyumbani, akakaa mezani na karatasi. Ugali ulipoa mbele yake. Mkewe, Winfrida, muuguzi kutoka Bukoba, aliacha kumsemesha, akampigia simu mama mkwe.

Kesho yake, Jumamosi, Boke, mama yake Osward, alimwita mwanawe akalime.

“Shikamoo, mama. Mseti yuko wapi?” Mseti ni jirani anayemlimia kila mwaka.

“Marahaba. Mseti ana shughuli. Au walimu siku hizi hawashiki plau?”

Osward aliwafunga maksai wawili nira: mmoja wa zamani, mpana wa mabega, na mwingine mdogo aliyeanza kazi msimu huu, akaunganisha nira na plau kwa mnyororo. Winfrida alishika kamba mbele. Boke, ambaye goti halimruhusu tena kutembea shambani, alikaa kwenye debe pembeni.

Mstari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda zaidi. Yule mdogo alibaki nyuma, akihema, na plau ikakimbilia upande wake.

“Baba Neema, unalima au unachora nyoka?” Winfrida aliuliza.

“Simamisheni,” Boke aliita. Alikuja polepole, akachungulia nira. “Mnyororo umeuweka katikati?”

“Katikati, ndiyo.”

“Nani alikuambia hawa wako sawa?”

“Nilidhani nikiwapa sawa...”

“Umempa huyu mdogo mzigo wa mtu mzima. Sasa anaonekana mvivu, na si mvivu.” Alichomoa kulabu ya mnyororo, akaisogeza tundu moja la nira kumwelekea yule mkubwa, akamsugua yule mdogo shingoni. “Na wewe umekonda. Ukimaliza, utakula hapa mbele yangu.”

Mstari wa tatu ulinyooka. Osward alilima hadi saa tano, kisha akala sahani mbili.

Anakataa kabisa kusema kwamba nira ilimfundisha hesabu. Anachosema ni kwamba kwa siku zote hizo alikuwa akitafuta namna ya kuutetea usawa ule, na hakuwahi kujaribu kuuacha. Jioni hiyo aliuacha. Aliipa kila sehemu ya hesabu uzito wake, akairudia hatua ya saba tangu mwanzo. Ukomo ulipatikana, lakini ukiwa mkubwa karibu mara mbili ya ule alioutangaza. Tokeo lake sasa ni dhaifu kuliko la awali. Ni la kweli, jambo ambalo la awali halikuwa.

Aliituma makala Jumanne, tarehe 5 Machi, siku moja kabla ya mwisho. Mwishoni, panapowekwa shukrani, kuna jina moja tu: Boke Nyangwine.

“Wameniandika kwa kazi gani?” mama aliuliza aliposomewa.

“Kwa kusogeza mnyororo.”

“Hayo kila mtu anayajua,” alisema, akaomba asomewe tena. Kisha akakiri kwamba Mseti hakuwa na shughuli yoyote siku ile.

Jarida limesema litatoa uamuzi kabla ya mwisho wa Aprili. Jumamosi hii Osward analima kipande cha chini, na Boke ndiye atakayefunga mnyororo.