Safari ya Mama Banza Kwenda Kujiona Kamina

Tuliondoka Mulongo kwa sababu ya filamu moja fupi, na aliyekuwa ndani ya filamu hiyo ni mama mkubwa wangu, Mama Banza. Ninyi mliobaki nyumbani mnakumbuka kijana Trezor alipofika kutoka Lubumbashi na kamera yake, akaomba kuwapiga picha wanawake wanaokausha samaki. Wengine walikataa, wakafunika nyuso kwa vitenge. Mama Banza alikubali, ila kwa sharti lake: wakati anageuza samaki juu ya moshi, aachwe aseme maneno yake. Hakumwambia Trezor kwamba ni ya mwanawe, Banza.

Kwa wasiomjua Banza, habari yake ni hii. Ni mtoto wake wa pekee. Baba yake alipofariki, Banza aliuza mtumbwi wa marehemu bila kumwuliza mtu, kisha aibu ikamshika, akaondoka bila kuaga. Miaka ikapita. Tulisikia tu kwamba ameonekana Kamina. Basi mbele ya kamera, kwa Kiluba, mama akamwambia kwamba mtumbwi ule baba yake alikuwa amemwachia yeye, kwamba hakuiba kitu cha mtu, kwamba arudi nyumbani. Aliyasema kwa nguvu, kidole juu, kama anavyosema siku zote hata anapokukaribisha bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kila neno. Trezor, mtoto wa mjini, hakujua Kiluba. Alikuwa akizunguka na kamera yake huku akisema, "Muzuri sana, mama, endelea tu."

Habari ilipokuja kwamba filamu ile itaoneshwa Kamina, kwenye tamasha la filamu fupi, mama mkubwa hakulala mchana wala kukaa kitako.

"Bantu bote banapendaka sinema," aliniambia. "Kama Banza iko Kamina, ataenda kuangalia. Minyi nataka nikuwe mule ndani wakati anasikia."

Shule ninayofundisha ilikuwa imefunga. Nikamwambia tutaenda pamoja.

Mtoni tulipanda boti kubwa la mbao lenye injini, lililojaa magunia ya mihogo mikavu, mbuzi na watu. Mama mkubwa alikaa juu ya kapu lake la samaki wakavu, waliochaguliwa mmoja mmoja kwa ajili ya mwanawe, na hakumruhusu mtu kuliegemea. Lualaba ilikuwa pana na nzito. Tulipoingia ziwa Kisale, visiwa vya mafunjo vilielea kutoka kushoto kwenda kulia, na nahodha akawa anavikwepa kwa subira kama mtu anayepita sokoni katikati ya vikapu. Upande wa Sanga abiria mmoja alinyoosha mkono akasema kule wazee wa zamani sana walizikwa na vyungu vyao, pamoja na vitu vyao vya shaba.

"Beye balizikwa na bintu yao," akasema mama mkubwa. "Minyi bakinizika mbele Banza hajarudi, banizike na nini?"

Alicheka mwenyewe, nasi tukacheka. Safari ilikuwa bado ina furaha.

Bukama, tuliposhuka botini ili tupande treni, ndipo furaha ilipoanza kupungua. Treni ya Kamina ilikuwa ije asubuhi. Haikuja asubuhi, wala jioni, wala kesho yake. Mtu wa stesheni alisema injini imeharibika njiani, akasema pia tusiwe na wasiwasi, maneno ambayo katika stesheni zetu hayajawahi kumwondolea mtu wasiwasi. Tulilala kwenye mikeka pamoja na wasafiri wengine. Mama mkubwa alikuwa ameweka kando kitenge chake kizuri, cha rangi ya njano, asikivae mpaka Kamina. Kila asubuhi alikifungua, akakitazama, akakikunja tena.

"Festivali inaanza lini?" aliniuliza.

Nilikuwa najua kwamba ilikuwa inaanza siku ile ile. Nikamwambia, "Inachukua siku mingi, mama mukubwa. Tutafika."

Kamina tulifika asubuhi, vumbi la njiani likiwa limetukaa kwenye nyusi. Mji ule umetandazwa. Barabara zake ni ndefu na zina mchanga, na baiskeli zilizobeba makaa hupita zikisukumwa na watu walioinama kama wanasali. Tulipokewa na Mama Monga, mwalimu mwenzangu niliyesoma naye, mtu wa kanisa la Methodisti kama mimi. Alitupa maji ya kuoga na chai, akamshika mama mkubwa mikono miwili.

"Filme yako ilionyeshwa jana, mama," alisema. "Lakini leo saa ya mchana banairudia. Bantu banaiongelea sana!"

"Jana?" mama mkubwa aliuliza.

"Jana. Lakini leo pia."

Akaingia chumbani kuvaa kitenge cha njano.

Ukumbi ulikuwa wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka nyeupe ilikuwa imebanwa ukutani, na nje jenereta lilinguruma. Nilikuwa nimezoea filamu zenye mwizi na askari, ambamo mtu mbaya hufa mwishoni. Hizi zilikuwa za namna nyingine. Moja ilionesha reli tu, mbao za reli zikipita na kupita, mpaka nikahisi nimerudi kwenye treni. Nyingine ilionesha ukuta wa nyumba ukibanduliwa rangi, chini ya kijani bluu, chini ya bluu nyeupe, mpaka tofali likatokea, na hapo ikaisha. Katekista mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akauliza kwa sauti, "Sasa mwisho yake iko wapi?" Watu walicheka. Lakini filamu ya tatu, ya wanawake wanaotembea kinyumenyume kutoka kisimani, maji yakipanda kutoka ardhini na kurudi ndooni, ilinyamazisha ukumbi wote. Hata katekista alisema, "Aa!"

Mama mkubwa hakuwa akitazama shuka. Alikuwa anageuka nyuma, akitafuta sura ya mwanawe gizani.

Kisha akatokea yeye. Mikono yake kwanza, mikubwa, ikigeuza samaki. Moshi. Mgongo wa samaki uking'aa kama shaba. Nitasema kweli: ilikuwa nzuri kuliko zote. Halafu uso wake ukajaza shuka nzima, mdomo ukaanza kusema, kidole kikapanda.

Hakuna kilichosikika. Moto tu ulikuwa unapasukapasuka. Mdomo ulisema, ukasema, macho yakawaka, kidole kikachoma hewa kuelekea kwetu, na sauti haikuwamo. Nilidhani mitambo imeharibika. Nilitazama nyuma kwa mwendeshaji, naye alikuwa ametulia. Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi mengi.

Trezor alipanda mbele kujibu maswali. Alipomwona mama mkubwa alifurahi kweli, akamwita, akamwambia ukumbi kwamba huyu ndiye mwenyewe. Makofi yakazidi. Mama mkubwa alisimama pale pale kwenye benchi letu.

"Mutoto," alisema, "maneno yangu iko wapi?"

"Mama, niliitosha, niliiondoa," Trezor alijibu. "Nilitaka bantu baangalie mikono yako na uso yako. Maneno ilikuwa inabapotezea macho."

"Uliitosha, ukaiweka wapi?"

Trezor alinitazama mimi, kama mtu anayeomba tafsiri. "Niliifuta," alisema taratibu. "Nilibakisha sauti ya moto tu. Sikujua... Mama ulikuwa unasema nini?"

Ndipo nikasimama, nikaueleza ukumbi maneno yale. Nilipokuwa naeleza niliona uso wa Trezor ukibadilika. Nami nilikuwa najiuliza kwa nini siku ile kando ya mto sikumwambia hivi hivi, kwa sentensi mbili. Hakuuliza, nami sikudhani kuna haja. Nilidhani kamera imechukua yote.

Upande wa mlango kijana mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, jina lake Ngoy.

"Mama, usinikasirikie," alisema. "Banza minyi namujua. Tunakaa naye nyumba moja, tunafanya naye kazi. Jana tulikuwa humu, sisi bawili."

Mama mkubwa alishika bega langu. "Alisema nini?"

Ngoy alitazama chini. "Alisema: angalia ile kidole. Alisema, mama ananilaani mbele ya bantu bote."

Mama mkubwa akatoka kwenye benchi, akamsogelea.

"Na sasa eko wapi?"

"Alitoka leo asubuhi, na kamio ya mizigo ya Kolwezi. Alisema anaenda kuchimba madini. Nilimukataza, mama. Hakusikia."

Asubuhi ile sisi tulikuwa tunashuka kwenye treni.

Alasiri Ngoy alitupeleka chumbani kwao. Kilikuwa chumba kidogo kilichofagiwa. Upande wa Banza kulikuwa na godoro tupu na koti la mvua lililotundikwa kwenye msumari. Ngoy alimpigia Banza simu tena na tena. Kila mara sauti ya mwanamke ilisema kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Mama mkubwa aligusa koti, akalinusa. Kisha akafungua kapu lake, akampa Ngoy samaki wote.

"Kula, mwana. Samaki haiwezi kungojea."

Ngoy alikataa, akasita, akapokea kwa mikono miwili. "Wafwako, mama," akashukuru kwa Kiluba.

Trezor alikuja nyumbani kwa Mama Monga kabla jua halijatua. Alikaa kwenye kigoda cha chini kuliko viti vingine, akamwomba mama mkubwa msamaha, si mara moja. Aliomba ayarekodi maneno yale upya, ayaweke mahali pake, na filamu ioneshwe tena siku ya kufunga tamasha.

"Ile siku nilikuwa na kasirani na furaha pamoja," mama mkubwa alimjibu. "Leo niko na huzuni tupu. Haitakuwa ile ile."

"Najua, mama."

"Haya. Leta kintu yako."

Alisema. Lakini kweli haikuwa ile ile. Alisita pale ambapo mtoni alikuwa amemwaga maneno kama maji, na alipofika kwenye neno la kurudi, alilirudia mara nyingi kuliko mwanzo. Mama Monga aliinuka akaenda jikoni asionekane.

Siku ya kufunga, ukumbi ulijaa mpaka nje. Mdomo kwenye shuka na sauti havikulingana. Kidole kilipanda wakati sauti ilikuwa bado inameza mate. Katika filamu nyingine watu wangecheka. Hapa wanawake walianza kuitikia kwa Kiluba, "Eyo, eyo," kama kanisani, na katekista alivua miwani akaifuta kwa shati. Ilipoisha, hawakupiga makofi. Kijana mmoja alitoka nje na simu sikioni, nikamsikia akisema, "Mama? Ni minyi."

Mama mkubwa naye alimsikia.

"Bote balisikia," aliniambia. "Banza tu njo hakusikia."

Tukarudi. Ngoy alitusindikiza stesheni, akaahidi kwamba kila dereva wa lori la Kolwezi atapewa ujumbe, na sauti ile ameiweka kwenye simu yake ili awasikilizishe. Ninaamini anafanya hivyo. Hadi ninapoandika haya, Banza hajapiga simu. Njiani mama mkubwa hakusema mengi. Alilala begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na mimi nikawa nahesabu makosa yetu: treni, kidole, maneno yaliyofutwa na mtu asiye na ubaya wowote, na ukimya wangu mimi niliyesikia yote na kujua lugha zote mbili. Nilichojifunza Kamina ni kwamba anayeelewa asingojee kuulizwa. Nimekijifunza wakati hakinisaidii tena.

Mulongo, bandarini, wanawake wa samaki walikuwa wametungojea. Walimwona ametoka peke yake botini, wakaelewa, kwa hiyo hawakuuliza habari za Banza. Mmoja wao, ili tu ukimya usitushinde, aliuliza, "Na sinema, Mama Banza? Ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzuri," mama mkubwa alijibu, akijitwisha kapu tupu. "Nilionekana bien. Lakini siku bakikuja tena na kamera, mubaulize kwanza. Macho iko nayo. Mubaulize kama iko na masikio."