Jiwe la Mama Melania

Pale Gungu humtafuti Gervasi kwa jina. Ukishushwa na bodaboda, ngoja dereva azime pikipiki, kisha tega sikio. Nyumba inayokoroma krrr, krrr, krrr mchana kutwa kama tumbo la mtu aliyelala na njaa, hiyo ndiyo kwake. Piga hodi.

Kinachokoroma ni ndoo ya mawe. Na msicheke, maana kifaa kama kile hamkikuti Dar es Salaam wala Mwanza kwenye maghorofa. Sisi wa mwisho wa reli ndio tunacho. Gervasi alichukua ndoo ya rangi, ndani akaizungushia mpira wa tairi, akailaza juu ya vyuma viwili vinavyozunguka, akafunga mkanda na mota ya mashine ya kufulia aliyoitoa kwa wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Mwanga. Humo anatia kokoto anazookota ufukweni Kibirizi, ambako kazi yake ni kutengeneza injini za boti. Anaongeza maji na unga wa msasa, anafunga mfuniko, ndoo inazunguka wiki nzima. Kisha anaosha, anatia unga laini zaidi, wiki nyingine. Kisha unga laini kuliko ule. Mwezi ukiisha, kokoto zilizokuwa hazina sura zinatoka zinang'aa kama peremende iliyotemwa sasa hivi. Hauzi hata moja. Anazipanga kwenye bakuli, anazitazama, basi. Mtu mzima huyo, mwenye mvi.

Siku ya kwanza ndoo ilipoanza kuunguruma, jirani yake Mwinshehe alikuja na debe la muhogo mkavu kichwani.

"Foleni ndefu?" aliuliza.

"Foleni ya nini, kaka?"

"Si unasaga?"

"Nasaga mawe."

Mwinshehe alitua debe chini polepole. "Mawe. Halafu anakula nani?"

"Hayaliwi. Yanapendeza tu."

"Mdogo wangu," Mwinshehe akamshika bega, "shemeji anajua?"

Shemeji alijua. Rozalia, mke wa Gervasi, alikuwa akimwita mumewe mganga wa kokoto, na akiwaambia wageni kwamba huyu bwana alimwoa akiwa na akili zake zote, ila sasa nyingine zimesagwa humohumo ndani ya ndoo. Lakini bakuli la mawe yanayong'aa hakuligusa. Yeye alikuwa na jiwe lake.

Lilikuwa dogo kama yai la kanga, rangi ya ini, upande mmoja bapa, upande mwingine lina kishimo cha kina kifupi. Lilikuwa la mama yake, Mama Melania, mfinyanzi wa huko juu upande wa Kasulu. Kwa jiwe hilo alilainishia vyungu kabla havijaenda motoni, tangu Rozalia hajazaliwa. Vidole vilipokakamaa kwa uzee, akampa binti yake. Rozalia hakuwahi kufinyanga hata kibia. Alikaa nalo tu. Jioni akisubiri maharage yaive, jiwe liko kiganjani. Akisikiliza redio, jiwe liko kiganjani. Gervasi aliliona hivyo miaka na miaka. Aliliona tu. Kulishika, hakuwahi kulishika.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, Mama Melania alifariki. Walienda wote kumzika. Baada ya siku tatu Gervasi akarudi kazini, Rozalia akabaki kwao mpaka arobaini iishe. Kwa haraka ya siku ile ya kuondoka, jiwe lilisahaulika dirishani.

Gervasi akaingia ndani, nyumba kimya, akaliona. Akapiga hesabu ya furaha: Rozalia anarudi baada ya siku arobaini, ndoo inahitaji thelathini. Mwenzangu atakuta zawadi!

Sasa, kila anayeng'arisha mawe anajua sharti moja, na Gervasi alilijua kuliko wote: jiwe lenye kishimo haling'ai. Unga unajificha humo, na kila dosari lazima iondolewe kwanza. Kwa hiyo alilibana jiwe, akachukua grenda ya kukatia vyuma, akaenda nyuma ya jiko, akakisaga kile kishimo mpaka kikaisha. Akasaga na ule upande bapa. Jiwe likawa la mviringo, safi kabisa. Alikuwa anapiga mluzi, maskini.

Wiki ya nne, Jumapili mchana, Rozalia akapiga simu.

"Baba Meshack, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Dagaa."

"Juzi dagaa, jana dagaa, leo dagaa. Nitakukuta umeota mapezi." Rozalia alicheka, kicheko kikakatikia njiani. "Leo wamegawa vitu vya mama. Vyungu wamechukua mama wadogo. Kanga zake amechukua shangazi. Wakaniuliza, na wewe? Nikawaambia sitaki kitu, mimi changu kiko nyumbani."

"Kipi?"

"Jiwe langu. Si unakijua kile kishimo? Ni kidole gumba cha mama kile. Miaka yote anakandamiza palepale, mpaka jiwe likakubali. Na mimi changu kinaingia mlemle, hakipungui hakizidi. Nikikiweka ni kama amenishika mkono. Baba Meshack? Mbona hujibu? Au ni hiyo mashine yako?"

"Ndiyo," alisema Gervasi. "Mashine."

"Izime basi nikusikie."

Akaizima. Ndoo ikajiviringisha mara mbili zaidi, ikasimama.

"Ehe, sasa," alisema Rozalia.

Baada ya simu alifungua mfuniko. Katika mawe yote aliyowahi kuyang'arisha, na ni mengi, hakuna lililotoka kama lile. Wekundu wake ulikuwa umejificha ndani miaka yote, na mistari myembamba myeupe ikipita katikati kama mishipa. Siku nyingine angelizungusha mtaa mzima, mlango kwa mlango. Aliweka kidole gumba juu yake. Kikateleza. Akaweka tena.

Siku nne hakugusa injini ya mtu. Alizunguka ufukweni Kibirizi kainamisha kichwa, akipita katikati ya wanawake wanaoanika dagaa.

"Fundi, umeangusha pete?" mmoja alimtania.

"Ndiyo."

"Basi shemeji akirudi ahamie kwangu, wewe utalala kwenye boti!"

Wakacheka. Na yeye akacheka nao, maana angefanyaje.

Siku ya nne aliokota jiwe rangi ya ini, la ukubwa uleule. Akalisaga bapa upande mmoja. Upande wa pili akachimba kishimo kwa grenda, kidogo kidogo, akipima kwa kidole, akichimba, akipima. Akalipaka mawese na majivu, akalisugua mpaka likaonekana limeshikwa na kizazi kizima. Mtu yeyote angeapa ni lenyewe. Akaliweka dirishani.

Rozalia alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, arobaini ikiwa imekwisha, amekonda, kitenge kimemlegea kiunoni.

"Pole na safari, Mama Meshack."

"Nimeshapoa."

Hakukaa. Hakunywa maji. Alienda moja kwa moja dirishani, akachukua jiwe, akafumba kiganja, akafumba na macho. Gervasi alibaki mlangoni na begi mkononi, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Kidole gumba cha Rozalia kikaingia kwenye kishimo. Kikatulia. Kikahama kushoto. Kikahama kulia.

Akafumbua macho.

"Hiki ni kidole kipana," alisema. Kisha akamgeukia. "Hiki ni chako, Gervasi."

Tangu mtoto wao Meshack azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina. Gervasi akaweka begi chini. Akatoa lile jiwe la kweli kwenye mfuko wa shati, akampa, akamweleza yote, grenda na ndoo na zile siku nne za ufukweni, maneno yakigongana mdomoni. "Nilitaka ulikute limependeza," alimaliza.

Rozalia aliligeuza. Akaligeuza tena, akitafuta. Likamponyoka, akalidaka.

"Limependeza," alisema.

Angemtukana. Angemrushia. Gervasi alingoja, akiomba amrushie.

"Ulichokisaga kilienda wapi?" aliuliza Rozalia.

Akampeleka nyuma ya jiko. Pale chini palikuwa na tope la kijivu lililokauka juu, la mawe yote ya miezi yote, maana huko ndiko alikosagia na huko ndiko alikomwaga maji ya ndoo.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Sijui, mke wangu. Yamechanganyika. Na mvua ya juzi imebeba."

Rozalia alichuchumaa, binti wa mfinyanzi. Akachota kidogo, akakipekecha kati ya vidole, akatia mate, akajaribu kukifanya donge. Kikamomonyoka.

"Udongo huu haushiki," alisema, taratibu, wala hakuwa anamwambia Gervasi.