Nilivyopunguziwa Robo ya Mshahara Nikarudi Kinyerezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya meno, kopo la petroli na taipureta kumi na moja. Fundi Mkuu, mzee mkavu aliyevaa koti la kaki hata Februari, aliniona nikiigeuzageuza ile brashi akasema, "Kijana, hiyo si ya meno yako. Ni ya meno ya mashine." Alimaanisha zile herufi za chuma zinazoruka na kugonga utepe wa wino kila mpiga chapa anapobonyeza kitufe. Zikijaa uchafu, "a" na "e" na "o" hutoka zote zimeziba, na barua ya Mkurugenzi haisomeki. Nilipiga mswaki mpaka saa tisa alasiri, na nilirudi nyumbani nanuka kituo cha mafuta.

Lilikuwa shirika la umma la kusambaza bidhaa, makao makuu yake mjini, upande wa bandarini. Nyie mnaofuta kosa kwa kidole kimoja hamjui raha mnayoipata. Enzi zetu waraka wa kwenda mikoani ulipigwa kwenye stensili, ile karatasi laini yenye nta, ambayo herufi huitoboa, kisha ikafungwa kwenye mashine ya kudurufu na kuzungushwa kwa mkono. Herufi ikiwa butu, haitoboi. Ikiwa kali mno, inakata "o" nzima na kuiangusha, na waraka unatoka umejaa matundu. Kati ya ubutu na ukali huo ndipo palipokuwa na mkate wangu.

Nilianzia chumba cha wapiga chapa, nikahamishiwa masjala, ambako majalada yote hutunzwa, na Fundi Mkuu alipostaafu nikarithi koti lake na cheo chake. Tulipanga vyumba viwili Kinondoni, mimi na mke wangu Zuhura na watoto. Zuhura alikuwa akikaanga maandazi barazani kuanzia alfajiri. Wateja wake walikuwa makarani na manesi wanaowahi kazini, watu wa kulipa taslimu na kuondoka, hawana muda wa kuuliza habari za ukoo.

Sasa nije kwa Meneja Utumishi. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Mimi ni Mzaramo, kwetu Kinyerezi. Kwa hiyo tulikuwa watani, na watani hutukanana hadharani bila kununiana. Akinikuta kantini lazima anichokoze, nami sikubali kulala na deni hilo.

Siku moja, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa bidhaa na mashirika yetu yakaanza kukosa pumzi, alisimama katikati ya kantini na sahani yake ya wali. "Jamani, kuna nafasi bohari ya Ukonga. Fundi wa taipureta na mtunza vifaa. Daraja la chini, mshahara unapungua robo. Nani mwendawazimu anaitaka?" Kisha akanigeukia. "Au tumpe Kondo? Wazaramo nyie, mkinusa mnazi tu mnaacha kazi."

"Nipe mie, bosi!" nilijibu kwa sauti. "Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na mizigo kichwani, mpaka leo hamjaitua. Sie tuna kwetu. Kutoka Kinyerezi mpaka Ukonga natembea kwa miguu. Punguza hata nusu, mihogo sinunui!"

Kantini nzima ilicheka. Niliona nimeshinda siku hiyo.

Siku ya pili yake nikaletewa barua, tena imepigwa kwa mashine niliyoisafisha mwenyewe. "Kufuatia ombi lako ulilolitoa mbele ya mashahidi," ilianza, halafu ikaeleza kwamba ninahamishiwa Ukonga, nashushwa daraja moja, na mshahara wangu utapungua kwa robo.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. "Bosi, ule ulikuwa utani!"

"Utani wangu ni utani," alisema. "Mzaramo akisema anataka kurudi kwao, hicho ni kiapo." Alicheka peke yake, kisha akainuka akafunga mlango, na nilipoona amefunga mlango nikajua utani umekwisha. "Kaa, Kondo. Kompyuta mbili zimeshafika, zimo kwenye maboksi kwa Mhasibu Mkuu. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ipo, na fundi wa taipureta yumo. Ukonga hawatapata kompyuta leo wala kesho. Ukienda kule nakufuta kwenye orodha. Nenda kaongee na mama watoto, Jumatatu uniletee jibu."

Jumamosi asubuhi tulikaa barazani na Zuhura, mimi nikiwa na penseli na mgongo wa stensili iliyoharibika. Nikampangia. Kodi ya nyumba, hakuna, tunakwenda kwa baba. Nauli, hakuna. Mihogo, nazi, mchicha, vyote vipo shambani. Maji, kisima. Nikapiga mstari na kumwonyesha kwamba ile robo imerudi yote na ziada juu.

Zuhura aliitazama karatasi. "Na ndugu je?"

"Ndugu gani?"

"Wote."

"Ndugu ni faida," nikamwambia. "Tutasaidiana."

"Na maandazi yangu?"

"Si utauza kulekule? Watu wa Kinyerezi hawali?"

"Wanakula," alisema Zuhura. "Wanakula sana."

Sikusikia alichokuwa akiniambia. Jumatatu nikasaini.

Tulihama kwa lori la kukodi. Kinyerezi ya wakati ule ilikuwa mashamba matupu, nyumba zimeachana, na kila nyumba ni ya ama baba mdogo, ama shangazi, ama mtu aliyeoa kwetu. Hatujashusha hata kitanda, shangazi yangu Mwajuma akatokea. Yeye ndiye aliyemfuata baba kwa ukubwa katika ukoo, na alikuwa na macho ya kuona mpaka ndani ya mfuko. "Kondo, mwanangu! Mbona umerudi? Kuna heri?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mtu aliyekwenda mjini miaka kumi na tano hasemi mbele ya shangazi yake kwamba ameshushwa daraja. Nilikohoa nikasema, "Nimepewa bohari, shangazi. Bohari ya Ukonga nimekabidhiwa mimi."

Kweli nilikabidhiwa kitu. Nilikabidhiwa taipureta tatu, moja ikiwa maiti, na rafu ya karatasi. Mkuu wa Bohari alikuwa mtu mwingine, mpole mmoja wa Bukoba aliyekunywa chai bila sukari. Lakini shangazi alisikia neno bohari, na watu wa umri wake walikuwa wamepitia ile miaka ya foleni, sabuni na sukari zikitafutwa kwa tochi, na mwenye ufunguo wa bohari akiogopwa kuliko polisi. Jua halijatua ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba Kondo ni mkuu.

Wakaanza kuja. Baba mdogo alikuja na kipimo cha mabati. Shemeji alikuja na madumu mawili matupu akayaacha mlangoni bila kusema kitu. Harusi zikipangwa, jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya michango, na mbele yake kiwango kimeshaandikwa. Niliyaona majina ya watu wenye nyumba za kupangisha yakiwa chini yangu, wamewekewa nusu ya changu. Ningesema nini? Nililipa huku natabasamu.

Kinondoni mtu wa kuniomba alitakiwa kwanza atafute nauli, na wengi walikata tamaa hapohapo. Kinyerezi alivaa kandambili tu. Kwenye ule mgongo wa stensili sikuwa nimeandika kandambili.

Na maandazi? Siku ya kwanza Zuhura aliuza karai zima, tena kwa shangwe. Hela hakupata. "Shemeji, nitaongea na Kondo." "Wifi, mie wa kulipa kwako?" Mtu atamlipaje mke wa kaka yake kwa andazi, na kaka mwenyewe ana bohari? Wiki ya tatu unga uliisha. Zuhura aliliosha karai, akalitundika ukutani. Nami, nasema kweli, niliona ni nafuu, maana sasa atapata kupumzika.

Mshahara ukawa unakata roho tarehe kumi. Tulipoukaribia mwezi wa Ramadhani Zuhura aliniita ndani. "Nakupa mpaka Idi," alisema. "Mambo yakiwa hivihivi, mie na watoto tunarudi Kinondoni. Chumba kipo, nimeshaulizia. Wewe utabaki na bohari yako." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu, kwa sababu Zuhura akipiga kelele huwa bado mnajadiliana.

Mfungo mzima nilitafuta maneno ya kuwaambia ndugu, sikuyapata. Niliona haya, basi.

Siku ya Idi ukoo ulijaa uani kwa baba. Baada ya pilau shangazi Mwajuma akasimama kutangaza harusi ya mjukuu wake. Akagawa majukumu, huyu mchele, huyu viti. "Na ng'ombe," akasema, "ng'ombe ni wa mkuu wetu wa bohari." Vigelegele vikapigwa. Nikafungua mdomo kushukuru kwa heshima niliyopewa.

Zuhura akaingia ndani. Alitoka na barua yangu mkononi, akasimama mbele ya wazee, akaomba radhi, akaisoma. Aliisoma yote, kuanzia kumbukumbu namba mpaka muhuri. Alipofika "unashushwa daraja moja" sauti yake ilikuwa imara. Alipofika "mshahara wako utapungua kwa robo" hakuna aliyekuwa akitafuna.

Shangazi alikaa chini, akashika kichwa, akaangua kilio cha msibani hasa. "Mwanangu wee! Wamemla mjini huko, amekuja kwao apone, na sie tunammalizia!"

Baba aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya, baba."

"Haya ya nini? Sisi hapa nani ana mshahara?"

Baba mdogo akaomba daftari la harusi, akageuza ukurasa mpya, akaandika juu, "Mchango wa Kondo." Nilitaka ardhi inimeze. Mimi, mfanyakazi wa shirika la umma, mwenye koti la kaki! Wiki hiyo waliletwa kuku wanne, mikungu ya ndizi, unga na kanga doti mbili za Zuhura. Kila niliyekutana naye njiani alinishika mkono kwa mikono miwili: "Pole na mshahara." Wazee wawili walikwenda mpaka bohari kumuuliza yule mpole wa Bukoba kwa nini ananinyanyasa. Aliwapa chai yake isiyo na sukari, wakaamini kwamba hali ni mbaya kweli.

Tangu hapo mshahara ulifika mwisho wa mwezi, na habari ya Kinondoni haikutajwa tena. Makao makuu wenzangu walipunguzwa kama Meneja alivyosema, na mwisho naye alipunguzwa. Mimi nilikaa Ukonga na taipureta zangu mpaka shirika likauzwa na kompyuta ikatufikia hata sisi, na hapo nikastaafishwa.

Nyie mnaoanza kazi, sikilizeni hili. Kiinua mgongo hupigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho, si ule mkubwa uliowahi kuupata. Mimi nililigundua nikiwa na hundi mkononi. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia Zuhura, "Kuna kitu kimoja tulikisahau kwenye ile hesabu."

"Kimoja?" aliuliza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Wewe ulipunguziwa robo, Kondo. Mie nilipunguziwa yote, na hakuna aliyeniandikia barua."

Miaka yote ile nilijisifu kwamba niliipima safari yetu vizuri, kumbe nilipima mshahara mmoja katika nyumba yenye mishahara miwili. Nilimwomba radhi, nikamuuliza anataka nini.

Alikuwa na jibu tayari, la miaka. Alitaka banda Ukonga, barabarani, wanakopita askari magereza na mafundi na watu wasiotujua. "Wageni," alisema. "Wageni ndio wanaolipa." Nikamwachia hundi.

Leo banda lina meza sita. Mimi ndiye ninayewasha jiko, ninayefuta meza na kupokea lawama za chai. Nilipouliza habari ya malipo yangu, mwajiri alifikiri kidogo akataja kiasi, na kilikuwa chini ya mshahara wa bohari. Nilikubali palepale, kwa sababu fundi wa taipureta wa umri wangu hana pengine pa kwenda, na kwa sababu hii ndiyo kazi pekee maishani mwangu ambayo bosi hunibakishia maandazi mawili ya moto.