Mizunguko ya Jumapili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Kama mnasomea kwenye hiyo simu, basi kaeni tu mtulie. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Sina maneno mengi, na hata hayo machache hunikwama siku ninapoyahitaji. Sikuwahi kumwambia mtoto wangu kwamba nampenda. Nilimwambia ale, aoge, avae sweta.

Kitindamimba wangu alipokwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba, aliniachia binti yake wa miaka tisa, anayeniita Kukhu, yaani nyanya yake. Basi la mama mtu lilipofika Timboroa, kule juu kwenye baridi, alinipigia. "Mama, huku baridi inauma." Nikamwambia, "Sweta iko juu kwa begi. Si niliiweka juu makusudi?" Simu ikakatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yetu.

Akawa anapiga kila Jumapili baada ya kanisa. Mtoto akipewa simu anakuwa kama ukuta. "Sema na mama yako!" namfokea. "Mwambie unamkumbuka!" Anaangalia vidole vya miguu. Na kule mama yake anaanza kulia: "Ameshanisahau, Mama. Nikirudi ataniita shangazi." Neno hilo lilinichoma.

Sasa, kazi ninayoijua mimi ni kushona vitambaa vya viti, kwa uzi na sindano ya ndoano. Huku mtaani Langas, nyumba isiyo na vitambaa ni kama mtu aliyetoka bila kuchana nywele. Nikamfundisha yule mtoto ili mikono yake isikae bure, naye akashika upesi. Kila Jumapili, simu ikiisha, alichukua uzi wa kahawia, akakaa kwenye kiti cha dirishani alichozoea kukalia mama yake, akaongeza mzunguko mmoja wa mishono kwenye kitambaa chake. Mmoja tu. Kisha anaweka chini mpaka Jumapili nyingine. Nilidhani ni uvivu.

Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya. Wamama wa jumuiya wakija kusali kwako, macho yao hufunguka kabla ya amina. Nilikuwa nimefua vitambaa vyote, nimevichovya kwenye maji ya sukari mpaka vikasimama wima. Jirani yangu akainua kile cha mtoto pale kitini. Pahali pengine kimekaza, pengine kimeinuka kama kikombe, pengine kimelegea hadi kidole kinapita.

"Mama, hii ni kitambaa ama ni kofia ya mzee?"

"Mzee gani? Hiyo ni ya punda," mwingine akadakia. "Si unaona matundu ya masikio?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa mdomo tu. Nusu ya wale wanawake ni mimi niliyewafundisha kushona.

Walipotoka tu, nikatafuta ncha ya uzi nikavuta. Nikafumua chote. Ndivyo mama yangu alivyonilea: kazi mbaya haifichwi, inafumuliwa. Kabla chai haijachemka nilikuwa nimemaliza.

Mtoto akaingia na mtungi wa maji. Hakulia. Alipiga magoti akaokota ule uzi, umejikunjakunja vile uzi uliofumuliwa hujikunja, akaushika kifuani.

"Kilikuwa na makosa," nikamwambia.

"Haikuwa makosa, Kukhu." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye chumba kingine. "Hapo ilikaza ni ile Jumapili mama alilia. Na hapo ililegea ni ile siku alicheka mpaka simu ikamponyoka."

"Na hapo palipoinuka?"

"Hakupiga."

Nikakaa. Wiki zote hizo nimemfokea aseme, kumbe alikuwa anasema. Na mimi nimeyang'oa maneno yake kama magugu. Kuomba msamaha nako ni maneno, nayo yakanikwama. Nikamletea sindano yangu ya chuma, ile niliyokuja nayo kwa ndoa.

"Unazikumbuka Jumapili zako?"

"Zote."

"Basi nionyeshe."

Kukishona upya kulimchukua siku nne, akitoka shule. Nilikaa kando yake nikimshikia uzi ule ule uliojikunja, na sikumsahihisha hata mara moja. Mjue hiyo kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Alipofika mwisho akanirudishia sindano.

"Weka siku yako, Kukhu. Ile ya Timboroa."

"Wewe umejuaje ya Timboroa?"

"Si nilikuwa nimekaa hapa? Ulishika simu ikiwa imekatika, ukaishika tu."

Nikashona. Mkono huu haujaharibu mzunguko tangu niolewe, lakini huo ulikaza mpaka sindano ikakataa kupita. Sikuufumua.

Jumapili mama yake akapiga, simu ya kuonana uso. Mtoto aliinua kitambaa mbele ya simu. Mama yake pia ni mwanafunzi wangu. Anajua kusoma uzi. Alikifuata kwa macho, mzunguko kwa mzunguko.

"Hapa ulikuwa na hasira, siku ile nililia," akasema polepole.

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Hapa ndipo... sikupiga."

Akaitikia tena. Kule, mama yake akajifuta uso kwa kiganja. Halafu akasogea karibu. "Na huu wa mwisho? Huu si mkono wako. Ni nani amekaza hivi?"

Mtoto akanigeuzia simu.

"Ile sweta bado uko nayo?" nikamwuliza.

"Huku ni jua tupu, Mama," akasema, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Lakini niko nayo. Nalala nayo."

Hakusema tena kwamba amesahauliwa. Chakula kilipoiva niliita wote wa nyumba hii, mpaka mzee wangu na redio yake, nikawaambia: "Jumapili simu ikiisha, redio inazimwa na kiti cha dirishani ni cha mtoto. Mtu asifumue uzi ambao hakuushona. Na jumuiya ikija, kitambaa hicho kinakaa mbele, bila kutiwa sukari. Atakayecheka atasali akiwa amesimama."