Bushi Sita za Pampu ya Lubaga

Mwanangu, ipo Jumanne moja ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Kaa hapo nikueleze, wala usinikatize. Ukubwa ni jaa, mengi yametupwa kwangu na hili ni mojawapo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkimbizi kutoka Uvira, nikikereza vyuma katika karakana moja ya Kampala, chini ya kilima cha Lubaga. Mwenye karakana, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na mali yake akapewa kapteni mmoja wa jeshi ambaye hakujua hata mashine inawashiwa wapi. Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Kaddu, Muganda mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kapteni aliweka amri moja tu: hakuna kazi ya mtu mwingine bila ruhusa yake. Alikuwa na boti lake kule ziwani, bandari ya Port Bell, na vyuma vya boti hilo ndivyo vilivyokuwa kazi yetu asubuhi na jioni.

Jumatatu akaja sista wa hospitali ya kule juu kilimani na pampu ya maji iliyokufa. Wodi ya wazazi ilikuwa kavu. Mama akishajifungua anaogeshwa kwa maji ya ndoo kutoka bondeni, na unajua maji ya bondeni yalivyo. Pampu ilitaka bushi sita, yaani pete nene za shaba za kushikilia mhimili usicheze. Mzee hakumwomba mtu ruhusa. Aliipokea pampu, akanipa nondo ya shaba, akasema, "Kata hizi. Lakini kisu ya kukatia imebaki tatu tu, na maduka yote iko tupu."

Kisu hicho ni chembamba. Unakiingiza polepole kwenye chuma kinachozunguka, mpaka kipande kinadondoka. Kikilemewa hutetemeka, hupiga kelele, halafu pa! kinakatika. Mimi nilijua dawa moja tu ya kisu kinachopiga kelele, nayo ni kukaza. Nilikaza boliti mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Kisu cha kwanza kikavunjika hata bushi moja haijapatikana.

Nilikuwa nimesikia kwamba mafundi wa reli hutumia kishikio kinachonyumbuka. Basi nikajitia ujuzi. Nilichukua kipande cha springi ya lori, nikakipasua ufa kwa msumeno ili kilegee, nikafunga kisu cha pili. Lo! Kilipolemewa tu kiliinama mbele, kikajizamisha ndani ya shaba, kikavunjika vipande viwili. Nilisimama pale kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Mzee hakunifokea. Aliokota kile kishikio changu, akacheka puani. "Kwanza ulikaza kama wazimu, sasa umelegeza kama mulevi," akasema. "Kuinama si kosa, kijana. Tazama inainama upande gani! Hii yako ikichoka inaingia kwa kazi, inaua kazi."

Akachukua springi nyingine, akaipasha moto, akaikunja shingo kama ya bata, ikapanda juu kuliko ncha ya kisu. Ile shingo ikilemewa, ncha hurudi nyuma unywele mmoja, hupumua, halafu hurudi kukata. Ilimchukua jioni nzima. Asubuhi yake, Jumanne, tukafunga kisu cha mwisho. Kikaingia katika shaba bila kelele. Kufikia saa sita bushi tatu zilikuwa mezani, na mimi nilikuwa nikipiga mluzi.

Ndipo kapteni akaingia na askari wake. Akaweka kiatu juu ya pampu. "Nani alileta hii takataka hapa?"

Hakumwuliza Mzee, aliniuliza mimi. Na mimi, mwanangu, mimi niliyekuwa nikijigamba vilabuni kuwa simwogopi mtu, nikanyoosha kidole. Kidole tu, kikamwelekea Mzee Kaddu.

Walimtia kwenye buti la gari. Unajua maana yake miaka ile. Wengi waliotiwa humo hatukuwaona tena. Kabla hawajafunga kifuniko alinitazama, akasema, "Imebaki tatu." Basi, hilo tu.

Kapteni akaniambia vyuma vya boti viwe tayari Ijumaa, akamwacha askari mmoja mlangoni anichunge. Nililia, sikufichi. Kisha hasira ikanipanda, na wa kwanza kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe. Nikawasha mashine, nikashika ile nondo ya shaba.

Yule askari, kijana wa kaskazini wa rika langu, akainuka. "Kapteni amesema vyuma vya boti."

"Sikati vya boti."

"Nitakupiga."

"Piga! Wazazi hawana maji, na mimi nakata bushi."

Akazitazama zile bushi mezani. "Imebaki ngapi?"

"Tatu."

"Fanya upesi basi," akasema, akageuka kutazama barabara. Jina lake sikulijua. Mungu amrehemu popote alipo.

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeibeba pampu begani na kuipandisha kilimani, na wodini maji yakatoka. Kina mama walipiga vigelegele, mimi nikaondoka bila kuwatazama usoni.

Ijumaa kapteni akaja. "Vyuma vyangu viko wapi?"

"Havipo, afande. Bushi za hospitali nimezimaliza mimi, kwa mikono hii. Na mashine hii haitazunguka tena mpaka Mzee Kaddu asimame hapa."

Akanipiga, jino likatoka. Hili pengo unaloliona si la uzee. Nikarudia maneno yale yale, damu kinywani. Akanipiga tena, nikarudia tena. Usidhani nilikuwa simba. Lakini wakubwa wake walikuwa wakilingoja lile boti, na wakereza vyuma hawakubaki mjini. Ng'o, sikushika kazi!

Jumatatu Mzee akaletwa, mchafu, amekonda, sikio moja halisikii. Nikapiga magoti mbele yake. "Mzee, ni mimi niliyekuonyesha."

"Najua. Macho yangu ilikuwa wazi." Akanishika shati akaniinua. "Mimi niliogopa kifo, kijana. Lakini niliogopa zaidi kwamba utaishia pale kwa kile kidole. Sasa amka, osha uso."

Haya ndiyo niliyotaka kukuachia. Watakwambia mwenye nguvu mpishe. Mpishe njiani, gari lake lipite. Usimpishe juu ya mgongo wa mwenzako! Kila binadamu atainama siku yake, hata mimi, hata wewe mwenye kifua. Ukirudi nyuma kidogo ili upate kuendelea na kazi yako, hiyo ni akili. Ukiinama ukamwangukia mtu, hiyo ni dhambi, na dawa yake si kulia chumbani. Dawa yake ni kurudi pale pale ulipoangukia, mbele ya yule yule uliyemwogopa, ukasema: ni mimi. Litakuuma. Liseme.

Haya, lete kichwa hapa niweke mkono. Mungu akukinge na mkono wa dhalimu, na akukinge zaidi na woga wako mwenyewe. Akupe wa kukuinua ukianguka, na usilale usiku hata mmoja ukiwa na deni la mtu uliyemtoa ili wewe upone. Simama, mwanangu, nenda kazini.