Stempu Niliyoipiga Pasi

Harufu ya pasi ya makaa hunitoa jasho la aibu mpaka leo. Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: katika maisha yangu nimepiga pasi mashuka, mapazia, suruali za watu, na stempu moja ya Amerika. Hiyo stempu ndiyo iliyotuharibia.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Papa alikuwa mpishi wa mkoloni mmoja mwenye ng'ombe kule juu ya Mushaki. Sisi tulimwita Musyu tu. Mimi, ambaye hata leo kwenda Sake hapo chini tu naona ni safari ya kuagana na watu, nilishinda kwenye kizingiti cha jiko nikichagua maharagi. Musyu naye alishinda mezani na lupu yake, kile kioo cha kukuzia vitu, akikagua stempu kuukuu. Zilikuwa rundo zima, zote sura moja, lakini chache ziligandamizwa vitone vya mraba, kama zile gofri, vikate vya vishimo vya mraba, Papa alizompikia Jumapili, ila gofri za kulisha siafu. Zenye vitone zilikuwa mali. Zisizo navyo, karatasi. Na Musyu hakuviona, maana alikodolea macho upande wa picha, ambako wino wa posta ulikwisha kufunika kila kitu.

Siku moja akatupa lupu, akaniita kwa mzaha.

"Weye unaonaka mawe ndani ya maharagi, kuja uone na hapa."

Nikaigeuza stempu mgongo juu, nikaiinamisha mlangoni mpaka mwanga wa asubuhi ukaipitia ubavuni. Vitone vikajitokeza, kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. "Iko hapa, Musyu." Nikamtolea tatu. Akanipa biskuti. Moja!

Ya tatu ilikuwa na kunyanzi. Jumamosi, Papa akiwa nje anakamua nguo, niliichukua mezani, nikaifunika kitambaa chenye maji kidogo, nikaipitishia pasi. Ikanyooka vizuri, nikairudisha. Nilitaka Musyu afurahi, jamani.

Kesho yake akaja rafiki yake wa Goma. Papa, aliyejua Kifaransa cha mezani, alirudi jikoni na sahani, akaniambia mimi bintiye akicheka: "Mama, macho yako yamehamia kwa Musyu. Anasema yeye njo alizigundua!" Nilivimba kama andazi. Biskuti moja, na macho yangu yakanyang'anywa!

Hasira haijapoa, kelele ikatoka mezani. Mgeni ameigeuza ile ya tatu, laini kama yai, bila kitone hata kimoja. Hapo Musyu akakumbuka ghafla ni macho ya nani yaliyoichagua. Zile mbili alizigundua yeye. Hii moja, mutoto wa mupishi alimudanganya. Halafu akapata wazo baya zaidi: mupishi ameiba ya kweli, ameweka ya bure. Papa hakupewa hata nafasi ya kuvua aproni. Tuliteremka mlima ule ule alioupanda kila siku, yeye mbele na bunda la nguo, mimi nyuma, kanzu yangu ikinuka makaa.

Nilipofika sekondari, mwalimu aliyependa stempu alitueleza: vile vitone vilivunja nyuzi za karatasi makusudi, wino wa muhuri uzame, watu wasioshe stempu na kuitumia mara ya pili. Na ukivitia maji na moto, vinalala. Basi! Wizi haukuwapo. Mtu mwenye lupu, vitabu na miwani hakujiuliza hata swali moja, alimtazama tu aliyesimama karibu na sahani. Papa hakupata tena jiko la kupika. Alikufa akiitwa mwizi wa kikaratasi cha ukubwa wa kucha.

Hadithi hii nimeisimulia uani kwetu mara nyingi, kila mara nikipiga paja kwa uchungu. Juzi jirani yangu, Mama Neema, aliyekuwa akimenya mihogo, aliniacha nimalize, akaweka kisu chini, akasema:

"Dada, ule Muzungu alikuwa mubaya, sawa. Lakini siku ile wanafukuza Papa yako kwa sababu ya pasi yako, kinywa yako ilikuwa wapi?"